Nakshi za Misahafu ya Siyu Katika Fedha ya Sonara

Watu wengi wakiona kikuku cha fedha mkononi mwa bibi arusi huuliza kimenunuliwa kwa kiasi gani. Ni wachache mno wanaouliza nakshi iliyomo ilitoka wapi. Mimi ni sonara wa Lamu, na kazi hii ndiyo iliyonilea na kunizeesha. Kwa hivyo leo, wasomaji wakiniwia radhi, nataka nilijibu swali hilo la pili, kwani jibu lake lina mambo yanayotuhusu sote watu wa pwani, wauzaji kwa wanunuzi.

Nakshi zangu nyingi hutoka katika sanaa ya dini: misahafu iliyoandikwa kwa mkono, mihirabu ya misikiti ya kale, na makaburi ya mawe ya wazee wetu. Sikuzibuni mimi. Lakini kuitoa nakshi ukurasani au ukutani na kuitia katika fedha si kama kunakili barua. Kuna la kuchukua na kuna la kuacha, na fundi asiyeijua tofauti hiyo huenda akauza kitu kilichopendeza macho, kumbe ndani yake mna utovu wa adabu.

WAANDISHI WA SIYU

Siyu iko katika kisiwa cha Pate. Siku hizi ni mji mdogo, na mgeni anayefika huko kwa mashua huonyeshwa ngome yake kisha akaondoka. Lakini katika karne ya 18 na ya 19 mji huo ulikuwa na jina kubwa kwa wanazuoni wake na kwa mafundi wake. Walikuwako wafua fedha, washona ngozi na viatu, na wachonga milango. Juu ya hao wote walikuwako waandishi walioinakili Qurani Tukufu kwa kalamu ya mkono, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Msahafu mzima ukatimia.

Karatasi ilitoka Ulaya, ikaletwa na vyombo vya biashara. Wino wa maandishi ni mweusi. Nakshi zimetiwa rangi nyekundu na ya manjano pamoja na nyeusi, na kwa rangi hizo chache waandishi wale walifanya maajabu. Ukifungua mwanzo wa Msahafu wa namna hiyo utakuta kurasa mbili zinazotazamana, zimezungushiwa mipaka ya misuko kama kamba zilizosukwa, ukili juu ya ukili. Ukiendelea kufungua utaona pembeni mwa kurasa kuna maduara yenye maua ndani yake, moja hapa, jingine kule.

Misahafu hiyo niliiona kwanza nikiwa kijana, katika nyumba za watu. Mwenye nyumba alikuwa akiushusha Msahafu kutoka kwenye kidaka, akauweka juu ya marufaa, nami nikakaa na udhu wangu, kalamu ya risasi mkononi na daftari la shule pajani. Nilichora mipaka na maduara tu. Mzee mmoja aliyenifunulia Msahafu wa ukoo wake aliniuliza: "Mwanangu, wajua maduara haya ni ya nini?"

Nikamjibu kwamba ni pambo.

"Si pambo tu," akasema. "Hili lasema hapa yaanza juzuu. Hili lasema hapa ni hizbu. Na hili hapa lakukumbusha kusujudu. Msomaji hana haja ya kusimama akahesabu. Jicho lake laliona duara, naye akajua amefika wapi."

Maneno hayo nimekaa nayo tangu siku hiyo. Qurani ina juzuu 30, na kila juzuu ina hizbu mbili. Msomaji anayekhitimu katika mwezi wa Ramadhani anahitaji alama za njiani. Fundi wa Siyu alizipamba alama hizo, lakini aliziweka pembeni. Maneno ya Mwenyezi Mungu yako katikati, hayakusongwa na kitu. Nakshi inasimama ukingoni kama mtumishi anayengoja kuitwa, na kila nakshi ina kazi yake.

Hii ndiyo kanuni ninayoifuata katika kazi yangu yote: nakshi nitaichukua, Neno nitaliacha mahali pake, na nakshi nikisha kuichukua nitaipa kazi ya kufanya.

JIWE LILILOCHONGWA LINGALI BICHI

Msahafu si mwalimu pekee. Kusini mwa kisiwa cha Unguja, huko Kizimkazi, kuna msikiti ambao mihirabu yake ina maandishi ya khati ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladia. Jengo lenyewe lilitengenezwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamebaki. Mtu aliyezoea khati ya vitabu vyetu huona taabu kuyasoma, kwani vijiti vya herufi zake vimechipua majani, kama mti uliopata mvua.

Yamechongwa katika matumbawe. Wasomaji wengi wa pwani wanajua kwamba matumbawe yale laini huchongwa yangali mabichi, yakiwa yametoka baharini karibuni. Yakisha kukauka huwa magumu, na kosa la patasi halisahihishiki tena. Fedha ina tabia inayofanana na hiyo. Ukiipiga nyundo juu ya fuawe hukaza, na ukizidi kuipiga hupasuka. Inakubidi uirudishe motoni mpaka iwe na wekundu wa kufifia, uizimishe majini, ndipo ikubali tena kupigwa. Mchonga mihirabu na mfua fedha wote wawili hufanya kazi kwa kujua wakati: kuna wakati kitu kinakubali, na kuna wakati kimekataa.

Kutoka Kizimkazi nilichukua jani peke yake, jani lile linalojikunja mwishoni mwa kijiti cha herufi. Herufi nimeiacha ukutani. Jani hilo ninalitumia kuwa kulabu ya kipuli, kwa sababu mkunjo wake unashika sikio vizuri, hautoki ovyo.

Gedi nako kuna la kujifunza. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, lakini misikiti yake na makaburi yake yangali yanaonekana msituni, na kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Mafundi wa zama zile walikuwa wakipachika bakuli za kaure ya Kichina katika mihirabu na makaburi. Kaskazini ya Malindi, kule Mambrui, nguzo ya kaburi la kale ilipachikwa bakuli hizo. Tazama jinsi walivyofanya: bakuli haikubandikwa juu ya ukuta, bali ilichimbiwa kiota chake ikakaa ndani, ukingo ukiwa sawa na chokaa. Kito katika pete kinataka kukaa hivyo hivyo. Kikichomoza mno hunasa nguo, na siku moja kitakutoka kikaanguka usijue wapi.

Mafundi wa Lamu tumejulikana kwa pete za fedha zilizotiwa vipande vya kaure. Mimi hutumia sahani zilizovunjika majumbani, ambazo wenyewe wameniletea. Kipande kilichookotwa katika magofu sikipokei, hata kama aliyekileta ni rafiki yangu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inayalinda mahali hapo, na tena kaburi ni kaburi, lina mwenyewe.

KUTOKA KARATASI HADI FEDHA

Huenda msomaji akauliza, wino unageukaje kuwa chuma? Nitaeleza kwa mfano wa ule msuko wa mipaka ya Siyu.

Kwanza ni fedha yenyewe. Zamani mafundi wa pwani, kama wenzao wa Omani na Yemeni, waliyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa zenye tarehe ya 1780 ambazo ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo miaka mingi baadaye. Reale moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1000 sehemu 833 ni fedha halisi. Zilizobaki karibu zote ni shaba, nayo ndiyo inayoipa fedha nguvu. Mpaka leo bado wako wanaoniletea reale za bibi zao zimefungwa katika kitambaa.

Fedha ikisha kuyeyuka huimimina katika kalibu ikawa kijiti. Kijiti hicho hukifua kikawa chembamba, kisha hukivuta kwa koleo kupitia bamba la chuma lenye matundu, kuanzia tundu kubwa kwenda dogo. Baada ya matundu machache uzi hukaza, ikanibidi niurudishe motoni. Kazi hiyo huchukua asubuhi nzima.

Ukiwa na nyuzi mbili, zipote pamoja kisha uzilaze kwa nyundo: utapata umbo la kamba iliyolala, ambalo ndilo la mpaka wa nje katika kurasa za Siyu. Mpaka wa ndani unataka nyuzi tatu au nne zilizosukwa kwa vidole kama ukili wa mkeka. Wake zetu na mama zetu wanaosuka mikeka huelewa nakshi hii upesi kuliko wanafunzi wangu wa kiume. Msuko ukisha kukamilika huulehemu juu ya kikuku, pembezoni, kwa sababu pembezoni ndiko kikuku kinakogongwa na kuharibika. Pale kati naacha fedha tupu iliyong'arishwa. Wateja wengine huniuliza mbona nimeacha mahali patupu. Nami huwajibu kwamba hata katika Msahafu nakshi haikuingia katikati.

Na lile duara lenye maua huliweka penye komeo, pale kikuku kinapofungwa na kufunguliwa. Kazi yake ni ile ile ya kuonyesha: mvaaji hata gizani akipapasa atajua mwanzo uko wapi. Kadhalika nimewafanyia watu vitenganishi vya tasbihi kwa duara hilo hilo, vya kukaa baada ya kila punje 33, kidole kipate kujua bila ya jicho.

MAMA WA BIBI ARUSI

Kanuni hii si rahisi kuishika wakati wote, maana mteja ndiye anayelipa. Mwaka mmoja alinijia mama mmoja ambaye binti yake alikuwa anaolewa. Alifungua kitambaa juu ya meza yangu akatoa reale 20 zilizokuwa za nyanya yake. Alitaka jozi ya mafurungu, na kila furungu liandikwe Ayatul Kursi kulizunguka.

"Nataka mwanangu ahifadhike," akaniambia. "Anakwenda kukaa mbali na mimi."

Nilimfahamu vizuri. Moyo wake ulikuwa safi, na kazi yenyewe ilikuwa kubwa, ya kunilisha miezi miwili. Nikamwambia: "Mama, furungu huvaliwa mguuni. Bibi arusi ataingia nalo chooni, atalala nalo, mguu utakanyaga matope. Aya ile tuiweke huko?"

Akasema: "Mbona madukani kuna pete na vidani vyenye maandishi?"

Ni kweli viko, na vingine vinaletwa kutoka nje vimemiminwa kwa mamia. Wanazuoni wamelizungumza jambo hili tangu zamani, na mimi si mwanachuoni. Nilimweleza la ufundi. Ninapochora fedha kwa kalamu ya chuma, unga wake huanguka sakafuni, nami huufagia pamoja na vumbi nikauyeyusha tena. Mkono ukiteleza, kipande chote hurudi motoni. Msuko nikiuharibu hauniumi, nitasuka mwingine. Neno la Mwenyezi Mungu likikatika nusu mikononi mwangu, nitalipeleka wapi?

Mama yule alikusanya reale zake akaniambia kwamba mafundi ni wengi Mombasa. Nikamwombea heri.

Jioni ile nilikwenda kwa maalim wangu nikamsimulia. Hakunipa fatwa. Alinikumbusha ile pete ya Mtume s.a.w. ambayo habari zake zimo katika hadithi sahihi. Ilikuwa ya fedha, nayo iliandikwa kwamba Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ilifanywa kwa sababu aliambiwa kwamba wafalme wa nje hawapokei barua isiyo na mhuri. Baada yake ikavaliwa na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman, mpaka ikaanguka katika kisima cha Aris, wakaitafuta siku tatu wasiipate.

"Waona, mwanangu," maalim akasema, "hata maandishi ya pete ile yalikuwa na kazi. Ulikuwa mhuri. Basi muulize mtu: andiko hili ni la kazi gani, na litakaa mahali gani? Akisha kukujibu, wewe na yeye mtajua la kufanya."

Siku ya tano niliitwa nyumbani kwa mama yule. Aliyeniita alikuwa bibi mzaa mama wa bibi arusi, mtu mzima sana, amekaa kitandani. Aliniwekea mkononi furungu lake mwenyewe, la ujanani, zito na jeusi kwa kukaa sandukuni. Nikalipangusa kwa kidole. Lilikuwa na msuko wa nyuzi nne pembezoni na duara lenye maua penye komeo, na kati lilikuwa tupu.

"Hili halina neno hata moja, fundi," bibi akasema, "nami nimelivaa nikazaa watoto wangu saba. Aya nilikuwa nayo hapa," akajigusa kifuani. Kisha akamgeukia binti yake: "Mfundishe mtoto aisome kila usiku. Fundi atengeneze la mguuni."

Mama hakusema kitu. Alikwenda chumbani akarudi na kile kitambaa cha reale akanikabidhi. Bibi arusi naye, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, aliomba jambo moja: duara la komeo lifanane na lile la bibi yake, petali kwa petali. Nililipima kwa bikari usiku ule ule na kulichora katika daftari langu.

TULIYO NAYO MAJUMBANI

Nimelisimulia hilo kwa sababu furungu la bibi yule lilikuwa limebakia kidogo tu liyeyushwe. Lilikuwa limewekwa pamoja na fedha nyingine chakavu, likingoja kwenda kwa mnunuzi kwa bei ya mizani. Mizani haijui nakshi. Inapima gramu, na furungu lililofuliwa na fundi mahiri hulipwa sawa na kijiko kilichovunjika.

Na misahafu iko katika hatari ya namna yake. Mchwa, unyevu wa bahari na mvua ya paa linalovuja vinakula kurasa kimya kimya. Tena kuna wanunuzi wanaoupenda ukurasa mmoja wenye rangi kuliko kitabu kizima. Ukurasa ukisha kung'olewa, Msahafu umekatwa, na nakshi ile imepoteza kazi yake. Inaning'inia ukutani kwa mtu asiyejua kwamba ilikuwa ikimwonyesha msomaji mwanzo wa juzuu.

Wako waliokwisha kuamka. Maandiko ya Msikiti Riyadha wa hapa Lamu yalipigwa picha kwa ajili ya kuhifadhiwa, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza unaoshughulikia hazina zilizo hatarini. Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yalifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, na mwaka 2018 yakapelekwa Washington, kisha Los Angeles. Watu wa mbali walipanga foleni kutazama vitu vya namna hii tunavyoviacha sisi sandukuni.

Sisemi kila mtu awe sonara, wala sisemi vitu vyote vipelekwe makumbusho. Nasema mambo matatu yasiyo na gharama. Mwenye Msahafu wa kale nyumbani asiuze karatasi moja moja, na kabla hajautoa kwa yeyote awaulize watu wa makumbusho au wazee wa msikiti. Mwenye fedha ya nyanya yake na haja ya pesa, kabla hajaipeleka kuyeyushwa, aweke karatasi nyembamba juu yake aisugue kwa kalamu ya risasi mpaka nakshi itokeze, aandike na jina la aliyeivaa. Na mwenye binti wa kuozwa, akitaka pambo lenye baraka, amwambie fundi wake akamtazamie nakshi za wazee, kisha aya amsomeshe mtoto mwenyewe.

Daftari langu la shule bado ninalo. Limejaa, nami nimeanza la pili, na vijana wawili wanaokaa nami kazini wamekwisha kuyajua maduara yote 34 yaliyomo. Atakayekuwa na nakshi ya ukoo wake ambayo angependa isipotee, na ailete kwa sonara aliye karibu naye, iguswe kwa udhu ikiwa ni ya Msahafu, ichorwe, irudishwe kidakani kwake. Mkono wa kuitia katika fedha bado upo.